Kutoka Obokano hadi Uwanja wa Maelfu: Ziara ya Mwimbaji kwa Jicho la Fasihi Simulizi

Utangulizi

Nilipokuwa nikifundisha kidato cha tatu katika shule moja ya kaunti ya Nyamira, tulikuwa tukichambua sifa za fasihi simulizi. Nilikuwa nimeandika ubaoni maneno fanani, hadhira na utendaji, nikijiona nimemaliza kazi. Mwanafunzi mmoja akainua mkono, akauliza: "Mwalimu, yule mwimbaji Mmarekani anayezunguka dunia akiimba viwanjani, naye ni fanani?" Darasa likacheka. Nikamjibu upesi kwamba hapana; ile ni biashara ya muziki na ina mitambo ya umeme, ilhali fasihi simulizi ni mali ya jamii na hupitishwa kwa mdomo. Kengele ikalia, nikaondoka.

Jibu lile halikunipa raha. Lilikuwa jepesi mno kwa swali zito. Makala haya ni jaribio la kulijibu upya. Yanalenga kufafanua mambo matatu. Kwanza, ziara ya mwimbaji duniani ni kitu gani na huendeshwaje. Pili, nadharia yetu ya fasihi simulizi inaweza kutueleza nini kuihusu. Tatu, na hili ndilo lenye uzito kwetu sisi tunaotafiti nyimbo za Abagusii katika kaunti za Kisii na Nyamira, wimbo hupata nini na hupoteza nini unapoondoka nyumbani.

Ziara ni nini?

Neno ziara tumelirithi kutoka Kiarabu, na kwa Waswahili wa pwani lina uzito wa heshima. Mtu huzuru jamaa, huzuru mgonjwa, huzuru kaburi la mja mwema. Mjini Lamu, ziara ya kaburi la Habib Swaleh ni sehemu ya sherehe za Maulidi. Katika matumizi ya leo, neno hilo limepanuka likabeba maana ya msururu wa maonyesho ambayo mwanamuziki huyafanya mji baada ya mji, kwa ratiba iliyopangwa na kutangazwa mapema.

Mfano mkubwa zaidi hadi sasa ni ziara ya Taylor Swift iliyoitwa The Eras Tour. Ilianza tarehe 17 Machi 2023 mjini Glendale, Arizona, ikamalizika tarehe 8 Desemba 2024 mjini Vancouver, Kanada. Katika muda huo yalifanyika maonyesho 149 katika mabara matano, mbele ya watu zaidi ya milioni 10, na mauzo ya tiketi yakapita dola bilioni 2. Kila onyesho lilichukua zaidi ya saa tatu na kuwa na nyimbo zaidi ya 40, zilizogawanywa kwa vipindi vya maisha ya kisanaa ya mwimbaji mwenyewe.

Nyuma ya mwimbaji mmoja anayeonekana jukwaani pana jeshi la watu wasioonekana: waratibu, mafundi wa taa na sauti, waseremala wa jukwaa, washonaji, madereva, walinzi na wahasibu. Katika ziara za kiwango hiki, jukwaa haliwezi kuvunjwa usiku na kusimamishwa kesho yake katika mji mwingine wa mbali. Kwa hiyo aghalabu hutengenezwa zaidi ya seti moja ya vyuma vya jukwaa. Seti moja inapotumika, nyingine imekwisha kutangulia mji unaofuata. Mapato nayo hutoka katika tiketi, mauzo ya fulana na bidhaa nyinginezo, pamoja na ufadhili wa kampuni.

Ni muhimu kuelewa kwa nini ziara zimekuwa na nguvu hivi. Zamani mwimbaji alisafiri ili kuuza sahani za santuri na kanda. Onyesho lilikuwa tangazo, na bidhaa ilikuwa kanda. Intaneti ilipofanya muziki upatikane kwa bei ndogo au bila malipo, mambo yaligeuka: rekodi ikawa tangazo, na onyesho likawa bidhaa. Kwa maneno mengine, tasnia iliyojengwa juu ya kuhifadhi sauti katika chombo imelazimika kurejea kwenye jambo ambalo wazee wetu walilijua tangu jadi, kwamba wimbo huwa wimbo hasa pale mwimbaji na msikilizaji wanapokutana ana kwa ana.

Mihimili sita ya Mulokozi

Katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, M. M. Mulokozi anaitazama fasihi simulizi kama tukio linalofungamana na muktadha wa kijamii, linalotawaliwa na mambo sita: fanani, fani inayotendwa, hadhira, tukio lenyewe, mahali na wakati. Msimamo huu unatusaidia kwa sababu hauulizi kama kuna umeme au hakuna, wala kama mwimbaji analipwa au halipwi. Unauliza nani anatenda, anatenda nini, mbele ya nani, kwa sababu gani, wapi na lini. Tukiipima ziara kwa mihimili hiyo, tunapata majibu yasiyotarajiwa.

Kwa upande wa fanani na fani, ziara inaonekana kuwa kinyume cha fasihi simulizi. Nyimbo zimeandikwa, hatua za ngoma zimekaririwa, na taa zimepangwa kwa kompyuta. Hata hivyo, Swift alitenga sehemu ya kila onyesho kwa nyimbo ambazo hazikutangazwa, akiziimba kwa gitaa na kinanda. Mamilioni ya watu waliokuwa mbali walifuatilia kila usiku ili kujua ameimba nini. Yaani, katikati ya mpango uliofungwa kwa vyuma, kilichosubiriwa kwa hamu ni kile kisichojulikana. Huo ndio ubunifu wa papo hapo ambao Albert Lord aliueleza mwaka 1960 alipochunguza waimbaji wa tendi wa Yugoslavia, na ambao Ruth Finnegan aliusisitiza mwaka 1970 alipoandika juu ya fasihi simulizi ya Afrika.

Kwa upande wa hadhira, mashabiki hawakubaki watazamaji. Walitengeneza vikuku vya shanga na kubadilishana na watu wasiowajua. Walivaa kulingana na kipindi cha maisha ya mwimbaji walichokipenda. Walibuni viitikio vyao ambavyo havimo katika rekodi. Tukiyaona hayo katika ngoma ya kijijini, tungeandika bila kusita kwamba hadhira ni hai na inashiriki.

Mahali ndipo penye mgogoro. Ziara iliyoitwa ya dunia haikukanyaga Afrika hata mara moja. Hili si jambo geni. Ziara ya Michael Jackson ya mwaka 1996 na 1997 ilifika Tunis, kisha ikamalizikia Afrika Kusini mjini Durban; eneo lote lililo kati ya ncha hizo mbili lilirukwa. Sababu zake si siri: viwanja vyenye vifaa vinavyotakiwa ni vichache, gharama ya kusafirisha shehena ni kubwa, na bei ya tiketi inayoweza kulipia safari hiyo ni mzigo kwa wananchi wengi. Fauka ya hayo, serikali nazo huingia katika mashindano. Singapore ilitoa ruzuku mwaka 2024 ili Swift aimbe huko siku sita na asiimbe katika nchi jirani, na majirani wakalalamika. Karibu nasi, Rwanda ilijenga ukumbi wa watu wapatao 10,000 mjini Kigali, ukafunguliwa mwaka 2019. Humo ndimo alimoimba Kendrick Lamar mnamo Desemba 2023 na John Legend mnamo Februari 2025. Ni bayana kwamba ramani ya ziara ni ramani ya uwezo wa kiuchumi.

Mzunguko wa obokano

Tuiache kwanza dunia, turudi Gusii. Obokano ni ala kubwa ya nyuzi nane ya jamii ya kinubi, ndugu wa nyatiti ya Waluo. Mwili wake ni gogo lililochongwa kama bakuli na kuwambwa ngozi, na sauti ya nyuzi zake ndefu ni nzito, yenye mvumo unaosikika kifuani kabla ya kusikika masikioni. Mpigaji huketi, akaiweka ala mbele yake, akaimba huku vidole vikizungumza naye.

Mpigaji wa obokano naye alikuwa mtu wa ziara. Alialikwa arusini na katika mikutano ya pombe, leo kilima hiki na kesho kilima kile, na malipo yake yalikuwa chakula, kinywaji, sifa na chochote alichotunzwa. Hakuhitaji jukwaa la vyuma, kwa maana kila boma lilikuwa na uwanja wake.

Niliwahi kumrekodi mzee mmoja upande wa Keroka, mji ambao mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira umeupitia katikati. Aliimba wimbo mmoja katika boma la kwanza, nikayaandika maneno yake kwa uangalifu. Siku chache baadaye akauimba wimbo uleule katika boma jingine, nami nikafuata kwa daftari. Beti hazikulingana. Majina yalikuwa mengine, mzaha ulikuwa mwingine, na kisa kizima cha katikati hakikuwamo. Nilidhani amesahau, nikamkumbusha kwa adabu alivyoimba mara ya kwanza. Akaniangalia kwa huruma, kisha akanieleza kwamba yule hakuwa mwenye boma hili. Angewezaje kumwimbia huyu ukoo wa yule?

Hapo ndipo nilipouona upungufu wa jibu langu la darasani. Tofauti kati ya mzee wa Keroka na mwimbaji wa uwanjani haiko katika kulipwa, maana wote wawili hulipwa. Haiko katika kusafiri, maana wote wawili husafiri. Tofauti iko katika kile ambacho safari huufanyia wimbo. Mzee anapohama boma, wimbo hubadilika ili umfae mwenyeji. Mwimbaji wa ziara ya dunia anapohama mji, takriban kila kitu hupangwa ili wimbo usibadilike, isipokuwa ile sehemu ndogo ya nyimbo zisizotangazwa. Katika mzunguko wa obokano wimbo humfuata msikilizaji, na katika ziara ya dunia msikilizaji hununua tiketi akaufuata wimbo.

Bi Kidude: unyago jukwaani

Je, fanani wa Afrika Mashariki anaweza kuingia katika ziara ya dunia bila kuacha ufanani wake nyumbani? Kielelezo bora tulicho nacho ni Fatuma binti Baraka wa Zanzibar, maarufu kwa jina la Bi Kidude. Alijifunza nyimbo za taarabu kwa kumsikiliza Siti binti Saad, yule aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Mbali na taarabu, Bi Kidude alikuwa mwalimu na mpigaji ngoma wa unyago. Akiwa mtu mzima sana aliimba Ulaya, nchi za Ghuba na Japani, na mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013.

Ngoma ya unyago ilikuwa darasa la siri. Wali walifundwa ndani, wanaume hawakuruhusiwa kuingia, na maneno ya nyimbo yalikuwa somo kwa waliokusudiwa tu. Bi Kidude alipoipiga ngoma hiyo jukwaani, mbele ya wageni wa kike na wa kiume, alivuka mpaka ambao wengi waliuheshimu. Wapo waliomlaumu. Lakini tuzingatie mambo mawili. Kwanza, aliyevuka mpaka alikuwa ndiye mlinzi wake. Alijua lipi aliseme na lipi alinyamazie. Pili, hadi uzeeni aliendelea kuwafunda wasichana Zanzibar. Jukwaa la ugenini halikuchukua nafasi ya unyago. Lilikuwa nyongeza juu yake.

Esimbore na chinsoni

Kwetu Gusii swali hilo linajitokeza katika esimbore, wimbo unaoimbwa wavulana wanapopelekwa nyumbani baada ya kutahiriwa, hasa msimu wa likizo ya mwisho wa mwaka. Abagusii wana kanuni za staha ziitwazo chinsoni, ambazo huongoza mahusiano ya wazazi na watoto, na ya wakwe na wakaza wana: nini kisemwe mbele ya nani, na nani asikae wapi. Esimbore ina maneno ambayo siku nyingine yangekuwa aibu kubwa. Asubuhi ile ya jando, kwa muda mfupi, chinsoni hulegezwa kwa idhini ya jamii nzima, kwa sababu mtoto anavuka kuingia utu uzima na hatakiwi kuvuka akiwa kipofu. Jua likipanda na wageni wakila, kanuni hurudi mahali pake.

Mihimili sita ya Mulokozi imekamilika hapa kuliko mahali popote. Ondoa wakati, na wimbo hugeuka matusi. Fikiria matatu inayotoka Kisii kwenda Nyamira mwezi wa Mei. Kijana mmoja anacheza esimbore katika simu yake kwa sauti ya juu. Nyuma yake ameketi mzee, na kando ya mzee ameketi mke wa mwanawe. Maneno ni yaleyale ya Desemba, sauti ni ileile, lakini mzee anageuza uso dirishani na yule mama anainama. Hakuna aliyewaandaa kwa wimbo ule wala aliyewaomba idhini. Wimbo umesafiri mwendo mfupi tu, lakini umewaacha watu wake nyuma.

Siku hizi safari za namna hii hazihitaji hata nauli. Wanamuziki wa Gusii waliotangulia, kama vile Christopher Monyoncho aliyeimba kwa gitaa katika Ekegusii, walitegemea santuri, kanda na redio ili wasikike mbali. Leo mwimbaji kama Embarambamba, kwa video zake za kurukaruka matopeni na kupanda miti, huonekana kote duniani bila kuondoka kijijini. Abagusii walioko Minnesota, ambako jamii yao ni kubwa, huweza kumtazama siku ileile. Hiyo nayo ni ziara, ila imegeuzwa: mwimbaji amebaki, na picha yake ndiyo inayozunguka.

Nani mwenye wimbo?

Wimbo ukisafiri, faida nayo husafiri. Mfano unaotuuma ni "Malaika". Fadhili William aliurekodi wimbo huo mwanzoni mwa miaka ya 1960; Miriam Makeba akaueneza duniani; kundi la Boney M likaurekodi mwaka 1981. Hadi Fadhili anafariki mwaka 2001, mzozo kuhusu nani hasa aliyeutunga ulikuwa haujaisha, kwa kuwa Adam Salim naye alitajwa kuwa mtunzi wake. Iwapo wimbo wa juzi, wenye sahani na majina, umezua utata kiasi hicho, itakuwaje kwa esimbore na nyimbo za obokano zisizo na jina la mtunzi hata moja?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinafidiwa au kulipwa mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni ilipitishwa mwaka 2016. Inasisitiza idhini ya jamii kabla ya matumizi, na inazipa kaunti jukumu la kusajili hazina hiyo. Sajili, hata hivyo, haijiandiki. Inahitaji watu wanaoijua lugha, wanaojua kunukuu beti, na wanaojua kwamba beti mbili zisizolingana si kosa la mzee. Watu hao ni sisi.

Kwa hivyo ninawapendekezea wenzangu mambo manne tunapokwenda nyanjani. Tuandike jina la fanani, mahali, tarehe na tukio. Wimbo usio na tarehe ni mtoto asiye na kwao. Turekodi wimbo mmoja zaidi ya mara moja, mbele ya hadhira tofauti. Tuombe idhini ya kurekodi, kisha tuombe idhini nyingine ya kusambaza, maana hizo ni ruhusa mbili. Na tumrudishie fanani nakala ya sauti yake. Mzee anayefunguka mbele ya kinasa sauti chetu ametukaribisha. Si adabu kuondoka na mali ya mwenyeji bila kuaga.

Hitimisho

Sasa ninaweza kumjibu mwanafunzi wangu. Ndiyo, mwimbaji wa ziara ya dunia ni fanani, kwa kuwa anatenda mbele ya hadhira inayoshiriki, mahali fulani, wakati fulani. Lakini ni fanani aliyefungwa mikono, kwa sababu ukubwa wa safari yake haumruhusu kumwimbia mwenye boma kwa jina. Mzee wa Keroka hana taa wala vyuma, ila ana uhuru huo. Sifa ya utendaji wa fasihi simulizi si kitu cha kuwapo au kutokuwapo. Ni kitu cha kuwa kingi au kichache, na kwa kukipima hivyo tunaweza kuzungumzia obokano na uwanja wa maelfu katika somo moja bila kudharau upande wowote.

Ama kuhusu nyimbo zetu, kusafiri hakuziui. Obokano imesafiri siku zote, na Bi Kidude alizunguka dunia akarudi na ngoma yake. Hatari ipo pale wimbo unapokwenda peke yake, bila mtu wa kuueleza, kuukinga na kuudai. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wimbo wetu ukienda ugenini namna hiyo, ukiwa na jina la kwao na mtu wa kuupigia hodi, wenyeji watapona nasi hatutapungukiwa. Ukitoroka usiku bila jina, watakaopona ni wengine, nasi tutabaki kuutafuta katika simu za watoto wetu.